Mpiga Ngoma Naye ni Mtunzi

Limezuka neno katika mazungumzo ya wapenzi wa muziki, na limerudiwa mara nyingi hata likaanza kupokewa kuwa ni kweli isiyohitaji ushahidi. Neno lenyewe ni hili: kwamba katika bendi wapo watunzi, wapo waimbaji, wapo wapiga magitaa na vinanda, na kisha yupo mpiga ngoma, ambaye kazi yake ni kuwahesabia wenzake mapigo wasipotee njia. Husemwa kwamba mtu huyo akikosekana ataletwa mwingine, na mwingine asipopatikana utawashwa mtambo. Sisi tunalikataa neno hili. Hatulikatai kwa kuwa linawavunjia heshima watu tunaowapenda tu. Tunalikataa kwa kuwa ni uongo, na uongo huu una gharama. Umewanyima watu majina yao, na umewanyima ujira wao.

Ili kuupinga uongo huo tumechagua ushahidi wa kutoka mbali. Tutaizungumza santuri moja ya Kiingereza iitwayo Feels Good to Me, iliyorekodiwa London mwaka 1977 na kutolewa mwanzoni mwa 1978, chini ya uongozi wa mpiga drams Bill Bruford. Wapo watakaotuuliza: kitabu cha utamaduni wa taifa kina haja gani na santuri ya Mwingereza? Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu mapema. Bruford alikuwa na jina kubwa, alikuwa na kampuni ya kumtolea santuri, alikuwa na sheria ya nchi yake na lugha ya waliotunga sheria hiyo. Ikiwa mtu mwenye misaada yote hiyo alihitaji miaka mingi na njia ya kuzunguka ili ahesabiwe kuwa mtunzi, basi hali ya mpiga ngoma wa Gitega au wa Mtwara msomaji ataikisia mwenyewe.

Yafaa pia tuelewane juu ya neno jazi. Kwetu sisi neno hilo lilikuwa jina la bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa miaka ya 1930, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na nyinginezo. Bendi hizo zilipiga rumba, chacha na mitindo yao wenyewe. Jazi tunayoizungumza hapa ni ile ya watu weusi wa Marekani, na hasa tawi lake lililochipua mwishoni mwa miaka ya 1960, ambalo lilichukua ufundi wa jazi wa kubuni papo kwa papo na kuuchanganya na vyombo vya umeme na nguvu ya roki. Tutaliita tawi hilo jazi ya mchanganyiko.

Mtu na santuri yake

Bruford alizaliwa Sevenoaks, katika jimbo la Kent, mwaka 1949. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa walioanzisha bendi ya Yes, ambayo ilikuja kuwa moja ya nguzo za roki ya progresivu, yaani roki iliyokataa kuridhika na wimbo wa dakika tatu. Wapigaji wa roki hiyo walirefusha vipande, wakageuza hesabu ya mapigo katikati ya wimbo, na wakaazima bila haya kutoka muziki wa okestra na kutoka jazi. Mwaka 1972, Yes ikiwa imekwisha kurekodi Close to the Edge na umaarufu wake ukipanda kama maji ya bamvua, Bruford aliiacha akaenda King Crimson. Bendi hiyo nayo ikavunjwa na kiongozi wake Robert Fripp mwaka 1974. Tangu hapo Bruford alipiga huku na huku. Mwaka 1976 alisafiri na Genesis, akishika drams ili Phil Collins, mpiga drams mwenzake, apate nafasi ya kusimama mbele na kuimba.

Itazameni njia hiyo. Katika santuri ya Yes ya mwaka 1971, Fragile, kila mwanabendi alipewa nafasi ya kuweka wazo lake mwenyewe. Kipande cha Bruford, Five Per Cent for Nothing, kilidumu kiasi cha nusu dakika tu. Hatusemi kwamba wenzake walimbana. Katika santuri hiyo hiyo jina lake limeandikwa pamoja na yao katika wimbo mrefu wa Heart of the Sunrise. Tunasema tu kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi ya mpiga drams hata katika bendi ya watu wapole: nusu dakika yake mwenyewe, na dakika nyingine zote za kuwatumikia wenzake. Kutoka nusu dakika hiyo hadi santuri nzima yenye jina lake pekee ilimchukua miaka saba.

Na alipopata santuri nzima, alifanya nini? Hapa ndipo wabishi wetu wanapokwama. Wao hudhani kwamba mpiga ngoma akipewa uongozi atawaziba wenzake midomo na kutupigia kelele kwa muda wa saa nzima. Bruford aliwaita watu ambao kila mmoja wao angeweza kumfunika. Alimwita Allan Holdsworth, mtoto wa Bradford, ambaye gitaa lake lilitiririka kama zumari, bila mshono kati ya sauti na sauti. Alimwita Dave Stewart, mpiga kinanda mwenye elimu ya upatano wa sauti. Kutoka Marekani alimpata Jeff Berlin wa gitaa la besi, na Annette Peacock, mwimbaji ambaye huimba kama mtu anayewaza kwa sauti. Akamwongeza Kenny Wheeler, Mkanada aliyehamia Uingereza mwaka 1952, bingwa wa flugeli, ambayo ni ndugu mnene wa tarumbeta mwenye sauti ya upole zaidi. Nyimbo ni kumi. Karibu zote ni za Bruford, nyingine kwa kushirikiana na wenzake.

Msikilize katika wimbo wa kwanza, Beelzebub. Ngoma, kinanda na gitaa vinatamka sentensi moja kwa pamoja, silabi kwa silabi, na sentensi hiyo haitembei kwa mwendo wa askari wa gwaride. Ina vishindo mahali pasipotarajiwa, kama mzee anayesimulia hadithi na kunyamaza pale ambapo watoto walitaka aendelee. Ngoma ndogo ya Bruford, ile yenye nyuzi kwa chini, hulia juu na kwa wazi, na mwenye kuisikia mara moja huitambua tena hata pasipo kuambiwa. Sasa mbishi wetu na atuambie: katika sentensi hiyo, mdundo umefuata lahani, au lahani imefuata mdundo? Uondoe mdundo uone kitakachobaki. Zitabaki sauti zilizotawanyika kama shanga zilizokatikiwa uzi.

Kisha umsikilize katika Springtime in Siberia, karibu na mwisho wa santuri. Hapo flugeli ya Wheeler ndiyo inayobeba wimbo, polepole, na kiongozi wa bendi amejiweka kando. Wimbo umo katika santuri yake, jina lake limo juu ya jalada, na bado amewaachia wengine uwanja. Huo ndio utunzi. Mtunzi si yule anayesema daima. Ni yule anayejua nani aseme, lini aseme, na lini wote wanyamaze.

Ushahidi wa ukimya

Jambo hili la kunyamaza lina kisa chake, nacho tunapenda kukisimulia kwa kuwa kinafunua mengi. Mwezi Novemba 1973, King Crimson walikuwa Amsterdam, katika ukumbi wa Concertgebouw. Jukwaani wenzake watatu walianza kubuni kipande cha utulivu, bila mpango uliopangwa kabla. Bruford alivikunja vijiti vyake kifuani na akasubiri. Kadiri walivyoendelea ndivyo alivyoona kwamba pigo lolote lingeharibu, basi akakaa hivyo hadi mwisho. Hakupiga hata mara moja. Kipande hicho kilipotolewa mwaka 1974 katika santuri ya Starless and Bible Black kwa jina la Trio, wenzake waliliandika jina la Bruford pamoja na yao katika orodha ya watunzi, kwa sababu walikiri kwamba kujizuia kwake kulikuwa mchango.

Wenye kucheka na wacheke. Sisi tunaona kwamba siku ile wanamuziki wanne waliuelewa utunzi kuliko mawakili wengi. Walielewa kwamba kipande cha muziki ni maamuzi, na kwamba aliyeamua kutopiga ameamua. Tunaongeza swali ambalo wao hawakuuliza: ikiwa mpiga ngoma aliyenyamaza ni mtunzi, huyu aliyepiga usiku kucha mpaka viganja vikavimba ni nani?

Hoja ya kwamba ngoma haina lahani

Wabishi wetu wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba utunzi ni lahani na maneno, na kwamba ngoma haina lolote kati ya hayo. Hoja hii huonekana ya kielimu, lakini ni ujinga uliovaa joho. Waende Buganda wakaulizie entenga, ngoma za ikulu ya Kabaka. Entenga ni ngoma kumi na tano. Kumi na mbili kati yake zimelinganishwa sauti kutoka nene hadi nyembamba, na hupigwa na watu wanne lahani kamili za nyimbo, huku wawili wakishika zile tatu kubwa za chini. Utamaduni huo ulipata pigo zito ikulu ya Mengo iliposhambuliwa mwezi Mei 1966, lakini haukuwahi kukosa lahani.

Nao wasiotaka kwenda Buganda na waende Marekani kwa Max Roach. Mwaka 1966 Roach alirekodi kipande kiitwacho The Drum Also Waltzes. Hamna gitaa ndani yake, hamna tarumbeta wala sauti ya mtu. Miguu yake miwili inashika mapigo matatu yasiyobadilika, na juu ya mapigo hayo mikono inasimulia. Kina mwanzo, kina swali na jibu, kina mwisho. Mwenye kukijua hukitambua akikisikia kwa mtu mwingine. Mwaka 1985 Bruford alikirekodi upya katika santuri ya Flags, aliyoitoa pamoja na mpiga kinanda Patrick Moraz, na kukitaja kuwa ni utunzi wa Max Roach. Angeweza kupiga ngoma zake mwenyewe kwa dakika kadhaa, na nani angemlaumu? Lakini yeye alikipiga kipande cha Roach kama vile mpiga piano apigavyo kipande cha mtu mwingine. Kwa tendo hilo moja alikiri mambo mawili: kwamba ngoma peke yake yaweza kutungwa, na kwamba aliyeitunga ana jina.

Na lugha yetu yenyewe inatuunga mkono. Kiswahili kina neno ngoma, na neno hilo ni chombo, ni mchezo, ni wimbo, ni mkusanyiko wa watu. Kirundi nacho huita ngoma na ufalme kwa neno moja, ingoma. Lugha hizi hazikumtenga mpiga ngoma na muziki, kisha zikaanza kuuliza kama naye ana fungu.

Hoja ya kwamba mchanganyiko hauna kwao

Hoja ya pili yatoka upande mwingine, na husemwa na baadhi ya ndugu zetu wenye nia njema. Wao husema: muziki huu wa kuchanganya jazi na roki ni chotara asiye na baba, wala hauna la kumfundisha mtu mwenye utamaduni wake. Ndugu zetu hawa tunawaheshimu, lakini hapa wamepotoka, na wamepotoka kwa kutokitazama chombo chenyewe.

Drams za bendi si chombo cha taifa moja. Ngoma kubwa na ngoma ndogo yenye nyuzi zilitoka katika majeshi ya Ulaya. Matoazi yana ukoo wake Uturuki. Zile ngoma za kati zilizoongezwa mwanzoni zilikuwa za Kichina. Zamani kazi hizo ziligawanywa kwa watu wawili au watatu. Baadaye Wamarekani wakabuni kanyagio la mguu, na lile la Ludwig la mwaka 1909 likaenea sana. Mtu mmoja akaweza kuketi na kufanya kazi ya watatu. Mtu huyo, katika miji kama New Orleans, mara nyingi alikuwa mjukuu wa watumwa, na alichokifanya kwa miguu na mikono yake hakikutoka jeshini. Kilitoka katika mila ya kugawa mapigo baina ya ngoma kadhaa, kila moja na usemi wake, ambayo babu zake walitoka nayo Afrika.

Wenye watumwa walilijua hilo kabla ya wataalamu. Baada ya maasi ya watumwa ya Stono mwaka 1739, koloni la South Carolina lilitunga sheria mwaka 1740 na kuwakataza watumwa kuwa na ngoma. Hakuna mtawala anayepiga marufuku kitu kisichosema. New Orleans ngoma ziliponea, na katika karne ya 19 watumwa walikutana siku za Jumapili katika uwanja wa Congo Square kupiga na kucheza. Hiyo ndiyo njia iliyokuja kuzaa jazi. Kwa hiyo kijana wa Kent alipojifunza drams kwa kuwatazama na kuwasikiliza akina Art Blakey na Max Roach, hakuwa akibuni chotara. Alikuwa akisoma katika shule yenye walimu, na walimu wanajulikana.

Wala Bruford hakuwa mpiga drams wa kwanza kuiongoza jazi ya mchanganyiko. Tony Williams alitoa Emergency! mwaka 1969. Billy Cobham, mzaliwa wa Panama, alitoa Spectrum mwaka 1973. Wote wawili ni watu weusi, na wote wawili walimtangulia. Tunayataja haya ili mtu asije akatudhania kwamba tunampa Mwingereza taji lisilo lake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na hapa mwenye haki ya kutajwa kwanza si yeye.

Pale santuri inapotusuta

Sasa yatupasa tuseme ukweli ambao hautupendezi. Ushahidi tulioutoa una ufa, na wabishi wakiuona kabla yetu watautumia. Ufa ni huu: Bruford alipotaka kutunga Feels Good to Me, alikaa kwenye piano. Ilimbidi atafute lahani kwa vidole visivyozoea kazi hiyo, na Dave Stewart akamsaidia katika kuzipanga sauti. Alipohesabiwa mtunzi, hakuhesabiwa kwa kile alichokijua kuliko watu wote, yaani ngoma. Alihesabiwa kwa kile alichokiazima.

Tunaukubali ufa huo. Lakini hauvunji hoja yetu. Unaonyesha mahali tatizo lilipo. Tatizo halimo katika ngoma. Limo katika sikio la sheria na la biashara, ambalo lilifunzwa kusikia lahani na maneno, na kuyaita yote mengine kuwa ni mapambo. Chukueni mfano wa Matthew Fisher, mpiga kinanda wa Procol Harum. Kinanda chake ndicho kinachoufungua wimbo wa A Whiter Shade of Pale wa mwaka 1967, lakini jina lake halikuwa katika orodha ya watunzi. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2009 Mabaraza ya juu kabisa ya sheria ya Uingereza, yaani Mabwana wa Sheria, yalimthibitishia haki ya utunzi na fungu la asilimia 40. Miaka arobaini na miwili! Na huyo alikuwa na lahani mkononi, lahani ambayo hakimu angeweza kuiimba njiani akirudi nyumbani. Mpiga ngoma ataingia mahakamani na nini?

Bruford mwenyewe aliona kwamba swali halijajibiwa. Mwaka 2009 alitangaza kuacha kupiga hadharani, ijapokuwa baadaye alirudi jukwaani, akaingia masomoni. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Surrey kilimpa shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya ubunifu wa wapiga drams, na mwaka 2018 akauchapisha katika kitabu. Mtu aliyepiga mbele ya maelfu kwa miaka arobaini aliona bado inambidi athibitishe kwa maandishi ya kitaaluma kwamba mpiga drams hubuni. Huo ndio uzito wa uongo tunaoupinga.

Gharama iliyolipwa na wengine

Tumesema kwamba uongo huu una gharama. Walioilipa zaidi si Waingereza. Mwaka 1967 wapiga ngoma wa Burundi walirekodiwa nchini mwao, na mwaka uliofuata sauti yao ikatolewa Ufaransa katika santuri ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa aliichukua sauti hiyo, akaongeza piano na gitaa juu yake, akaitoa kwa jina la Burundi Black, na santuri hiyo ikauzwa vizuri Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia ngoma hizo hizo chini ya wimbo wake The Jungle Line. Kufikia 1981 vijana wa London, katika bendi kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow, walikuwa wakipata umaarufu kwa mdundo ulioigwa kutoka huko.

Angalieni miaka. Feels Good to Me ya Bruford imo katikati ya miaka hiyo, na ilirekodiwa katika mji huo huo wa London. Katika mji mmoja na kizazi kimoja, mpiga ngoma mmoja alitoa santuri na kutajwa kuwa mtunzi, na kundi zima la wapiga ngoma likasikika katika santuri za watu wengine bila mmoja wao kutajwa. Tofauti yao haikuwa ufundi. Ngoma za Burundi ni ufundi wa ukoo na ukoo, wenye ngoma ya kati inayoongoza na nyingine zinazoitikia, ufundi ambao mwaka 2014 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa binadamu. Tofauti ni kwamba juu ya ngoma zile aliwekwa mtu mwenye piano, na sheria ikamsikia mwenye piano.

Wapo watakaosema: ngoma za Burundi ni za jadi, ni mali ya wote, kwa hiyo hazina mtunzi. Tunajibu kwamba kitu kuwa mali ya jamii si sawa na kuwa mali ya mpita njia. Shamba la ukoo halina hati ya mtu mmoja, lakini mgeni akivuna humo bila ruhusa huitwa mwizi.

Nyumbani

Nasi tusiwanyoshee wengine kidole huku tukijisahau. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam iliita taifa lisikilize taarifa ya habari kwa mdundo wa ngoma. Mdundo huo ulikuwa wa Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, ambaye alizipanga ngoma nyingi kumzunguka na kuzipiga peke yake kwa wakati mmoja. Watu waliokuwa shambani, dukani na barazani waliposikia mdundo ule walinyamaza. Wengi wetu tuliujua mdundo miaka mingi kabla ya kulijua jina. Tuliuita ngoma ya habari. Je, tungeliuita hivyo kama ungelikuwa wimbo wenye maneno? Tungeliuliza mara moja: nani kautunga?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda kazi za muziki, na ina sehemu yake kwa ajili ya sanaa za jadi. Ni jambo jema. Lakini sheria husikia kwa masikio ya wale wanaoitumia, na masikio hayo tunayafunza sisi. Kila tunapokiandika kikundi cha ngoma kwa jina la kabila tu, na bendi kwa majina ya mwimbaji na mpiga gitaa la solo tu, tunayafunza kwamba mkono uliopiga hauna mwenyewe.

Hivyo basi tunataka mambo matatu, na hatuyaoni kuwa makubwa. Kwanza, kila ngoma inayorekodiwa na redio, na chuo, na jumba la makumbusho au na mfanyabiashara, iandikwe majina ya walioipiga, mmoja mmoja, na jina la aliyebuni mpigo ikiwa anajulikana. Pili, zile zilizorekodiwa zamani zipelekwe kwa wazee wangali hai, wazisikilize, watuambie ni mikono ya nani. Kazi hiyo haiwezi kungoja, kwa kuwa wazee hawangoji. Tatu, walimu wa muziki waache kumfundisha mtoto kwamba ngoma ni hatua ya kwanza kabla hajafikia muziki wenyewe. Ngoma ni muziki wenyewe.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo ni ahadi, na walioitoa ni sisi wa nyumbani. Mwingereza tuliyemzungumza alitunzwa kwao, kwa kuchelewa na kwa kupitia piano, lakini alitunzwa. Mzee wa kwetu anapoketi na kuikaza ngoma yake karibu na moto, tumtunze naye. Na kabla ya kumtunza tumuulize jina lake, tuliandike.